Muhuri wa Nyama Ulitoka Wapi? Majibu kwa Wasomaji

Toleo lililopita liligusia kwa ufupi hali ya machinjio ya wilayani, na barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Tumechagua nne. Ya kwanza inajibiwa kwa urefu kwa sababu nyingine zote zinaiegemea.

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Katika bucha ninayonunua nyama hapa Morogoro, paja la ng'ombe linaloning'inia huwa na muhuri wa wino. Mwenye bucha ananiambia kuwa muhuri ule ni alama ya ushuru tu, mambo yaliyoachwa na wakoloni. Mwalimu wangu wa zamani naye alitufundisha kwamba ukaguzi wa nyama ulianza Marekani, baada ya mtu mmoja kuandika riwaya kuhusu viwanda vya nyama vya Chicago. Nani kati yao anasema kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, mwenye bucha amekosea sana na mwalimu wako amekosea kidogo. Ushuru wa machinjio hulipwa kweli, na una stakabadhi yake. Muhuri ni ushahidi kwamba mkaguzi ameutazama mzoga wa mnyama aliyechinjwa, akaukata pale panapopaswa kukatwa, na hakuona sababu ya kuuzuia usiende sokoni.

Usimamizi wa nyama sokoni ni wa zamani kuliko Chicago kwa karne nyingi. Miji ya Waislamu ilikuwa na muhtasibu, yaani ofisa wa kusimamia mizani, bei na uaminifu wa wafanyabiashara, na mwongozo wa kazi hiyo ulioandikwa na al-Shayzari huko Syria katika karne ya 12 unawaagiza wauza nyama watenganishe nyama ya mbuzi na ya kondoo, waitie ya mbuzi vidoa vya zafarani ili itambulike, na waache mkia wake ukining'inia hadi kipande cha mwisho kitakapouzwa. Utaona kwamba kilicholengwa hapo ni udanganyifu kuliko maradhi. Mnunuzi alihofia kuuziwa kitu kingine kwa jina la kingine, na hofu hiyo haijaisha hadi leo.

Ukaguzi unaotafuta ugonjwa ndani ya nyama ulizaliwa Ujerumani, na aliyeuzaa ni mnyoo. Mwaka 1835 James Paget, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari jijini London, aliona chembe ndogo nyeupe katika misuli ya maiti aliyokuwa akiipasua, na zikabainika kuwa mabuu ya mnyoo ulioitwa trikinela. Kwa miaka 25 ulidhaniwa kuwa hauna madhara. Mwaka 1860, mjini Dresden, Friedrich Zenker alichunguza mwili wa msichana mtumishi aliyekufa kwa ugonjwa uliodhaniwa kuwa homa ya matumbo, akakuta misuli yake imejaa mabuu hayo. Alipofuatilia shamba alikokuwa akifanya kazi, aliyakuta pia katika nyama ya nguruwe iliyoliwa huko. Miaka mitano baadaye, katika kijiji cha Hedersleben, watu 337 waliugua baada ya kula nyama ya nguruwe na 101 kati yao wakafa. Wajerumani wengi walikuwa na desturi ya kula nyama ya nguruwe iliyosagwa ikiwa mbichi, na hakuna mahubiri yaliyoweza kuwaachisha kwa haraka. Kwa hiyo Rudolf Virchow, daktari wa Berlin aliyekuwa pia mwanasiasa, alishikilia kwamba kila nguruwe achunguzwe kwa hadubini kabla ya kuuzwa. Wachinjaji walipinga kwa nguvu, lakini miji na majimbo yakaanza kukubali moja baada ya jingine, na tarehe 3 Juni 1900 ikatungwa sheria ya dola nzima ya Ujerumani iliyotaka mnyama akaguliwe akiwa hai na akaguliwe tena baada ya kuchinjwa. Robert von Ostertag, profesa wa tiba ya mifugo, ndiye aliyeupa ukaguzi huo utaratibu wa kisayansi: kiungo gani kishikwe, tezi ipi ikatwe, na ugonjwa upi uhukumiwe vipi.

Sasa twende Marekani, na hapa mwalimu wako ataniwia radhi. Ilipofika miaka ya 1880, Italia, Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimepiga marufuku nyama ya nguruwe kutoka Marekani kwa hoja ya trikinela. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini pia iliwafaa sana wafugaji wa Ulaya ambao hawakuweza kushindana na bei ya Wamarekani. Wenye viwanda wa Chicago waliokuwa wakipoteza masoko waliiendea serikali yao, nayo ikatunga sheria ya ukaguzi wa nyama ya kuuza nje mwaka 1890, kisha nyingine pana zaidi mwaka 1891. Kazi ilikabidhiwa Idara ya Mifugo iliyoongozwa na Daniel Salmon, daktari wa mifugo ambaye jina lake ndilo lililopewa bakteria wa salmonela, na huko Chicago wakaajiriwa wanawake wa kuketi mbele ya hadubini kutwa nzima wakichunguza vipande vidogo vya misuli ya nguruwe. Ujerumani ililegeza marufuku yake mwaka 1891, na makubaliano yenyewe yalihusisha pia ushuru wa sukari ya bitiruti ambayo Wajerumani walitaka kuiuza Marekani. Kwa hiyo afya ya walaji ilikuwa kwenye barua za serikali, na sukari ilikuwa mezani.

Riwaya aliyoitaja mwalimu wako ni The Jungle ya Upton Sinclair, iliyotoka kama kitabu mwaka 1906. Mwandishi huyo alikusudia kuonyesha mateso ya wafanyakazi wahamiaji, lakini wasomaji walishtushwa zaidi na kilichokuwa kikiingia katika soseji zao; yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba aliulenga moyo wa umma, na kwa bahati akaupiga tumboni. Rais Theodore Roosevelt hakumwamini sana, hivyo akawatuma Charles Neill na James Reynolds wakaone kwa macho yao. Taarifa yao ni fupi, na inaeleza nyama ikikusanywa kwa sepetu kutoka sakafu chafu za mbao na kusukumwa chumba hadi chumba katika mikokoteni iliyooza, ikiokota vumbi, vibanzi na makohozi ya wafanyakazi wenye kifua kikuu. Katika tukio moja waliloshuhudia, nguruwe aliyekwisha kuchinjwa na kuoshwa alianguka kutoka kwenye reli ya kuning'inizia, akateleza juu ya sakafu hadi sehemu ya mwili wake ikaingia katika choo cha wanaume. Wafanyakazi wawili walimwinua, wakampeleka chumba cha baridi na kumtundika pamoja na wengine bila kumwosha.

Sheria ya Ukaguzi wa Nyama ilitiwa saini tarehe 30 Juni 1906. Tofauti yake na zile za miaka ya 1890 ilikuwa kubwa, kwa sababu ilihusu pia usafi wa jengo, vyombo na nyama ya kopo, na nyama isiyo na muhuri wa serikali haikuruhusiwa kuvuka mpaka wa jimbo. Hata hivyo Seneta Albert Beveridge, aliyeiandaa, alikuwa ametaka mambo mawili ambayo hakuyapata: tarehe iandikwe kwenye kopo, na wenye viwanda walipie ukaguzi. Badala yake hazina ya taifa ilitenga dola milioni 3 kwa mwaka. Kwa maoni yangu viwanda vikubwa havikushindwa katika vita hivyo hata kidogo, kwani vilipata muhuri wa serikali wa kuonyesha Ulaya, kwa gharama ya mlipa kodi. Machinjio madogo yaliyouza ndani ya jimbo moja tu hayakuguswa hadi sheria ilipopanuliwa mwaka 1967.

Mwenye bucha wako naye nimpe haki yake, maana ni kweli kwamba ukaguzi wa aina hii ulikuja kwetu na utawala wa kikoloni, na hapa pia biashara ya nje ilikuwa na mkono wake. Kenya Meat Commission ilianzishwa mwaka 1950 na kiwanda chake kikawa Athi River, na huku Tanganyika kiwanda cha Tanganyika Packers pale Kawe kilisindika nyama ya kopo kwa ajili ya masoko ya ng'ambo. Mteja wa mbali alidai cheti, na wakaguzi wakapatikana. Mla nyama wa Kilosa alisubiri zaidi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka 2019 televisheni ilionyesha kwamba baadhi ya nyama katika supamaketi za hapa Nairobi ilikuwa ikitiwa dawa ili ibaki nyekundu. Tangu siku hiyo sijaiamini nyama yenye rangi nzuri. Je, huu ni ujanja mpya? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Si mpya hata kidogo. Dawa iliyotajwa wakati ule ilikuwa sodiamu metabisalfaiti, ambayo ni ya jamii ya salfaiti, na jamii hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa vitu alivyovichunguza Harvey Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, kuanzia mwaka 1902. Wiley aliwakusanya vijana waliojitolea, akawafungulia chumba cha kulia katika ofisi yake jijini Washington, na akawalisha chakula kilichopikwa vizuri lakini kilichotiwa kwa vipimo boraksi, asidi ya salisili, salfaiti, benzoeti na fomalini, huku akipima uzito wao na kila kilichotoka mwilini mwao. Magazeti yaliwaita kikosi cha sumu. Jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa leo na kamati yoyote ya maadili, lakini lilichangia sana kupatikana kwa sheria ya vyakula na dawa iliyotiwa saini siku ile ile ya 30 Juni 1906.

Ubaya wa salfaiti katika nyama mbichi ni wa aina mbili. Kwanza, huharibu vitamini B1 na huweza kumletea mwenye pumu shambulio kali. Pili, na hili ndilo linalonikera zaidi, hurudisha wekundu wa nyama iliyoanza kuchakaa, hivyo humwibia mnunuzi ushahidi wa macho yake. Kwa sababu hiyo Marekani imeikataza katika nyama, ingawa salfaiti huruhusiwa katika divai na matunda makavu. Mkaguzi wa machinjioni hana namna ya kuizuia, kwa maana hutiwa siku kadhaa baada yake, nyuma ya kaunta. Inayoweza kuinasa ni maabara, na sampuli lazima ichukuliwe dukani bila taarifa.

Kuhusu rangi, usiigeuze kuwa kipimo pekee. Nyama iliyokatwa sasa hivi huwa na rangi ya damu ya mzee inayokaribia zambarau, kisha hewa huifanya nyekundu, kisha taratibu hugeuka kahawia. Kinachopaswa kukutia shaka ni nyama ambayo imekaa kwenye sinia tangu juzi na bado inang'aa vile vile.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Katika arusi ya ndugu yetu hapa Tanga tulichinja ng'ombe wawili machinjioni, mkaguzi akawapitisha, na mihuri tuliiona sote. Pilau lilipikwa usiku, likaliwa mchana wa siku ya pili, na kufikia alfajiri iliyofuata wageni wengi walikuwa wakiharisha. Kama nyama ilikaguliwa, tulikosea wapi? (Mama mwenye shughuli, Tanga)

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Nieleze kwanza mkaguzi anafanya nini, ndipo itaonekana asichoweza kufanya.

Kazi yake huanza mnyama akiwa hai, ingawa sehemu hii ndiyo hupuuzwa zaidi pale ambapo ng'ombe wanafika usiku na wachinjaji wana haraka. Humtazama akitembea, akipumua, akisimama peke yake au na wenzake. Mnyama anayeshukiwa kuwa na kimeta hatakiwi kupasuliwa kabisa, kwa sababu damu ikikutana na hewa vijidudu hujigeuza mbegu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi. Vivyo hivyo homa ya bonde la ufa, ambayo ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutokana na vifo vya kondoo karibu na Naivasha: mlipuko wake ulipoikumba Kenya mwishoni mwa 2006 na kufika Tanzania mwaka 2007, waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wachinjaji na wachungaji walioshika damu na vijusi vilivyotoka, kuliko mlaji wa nyama iliyoiva.

Baada ya kuchinja, mkaguzi hushika kisu. Hukata misuli ya taya kwa tabaka kutafuta vifuko vya tegu, ambavyo huonekana kama punje nyeupe zenye maji. Huupapasa ulimi na kuuchanja moyo kwa sababu hiyo hiyo. Huyabonyeza mapafu na kuzikata tezi zilizo kati yake, maana kifua kikuu cha ng'ombe hujificha humo kama usaha mkavu unaokwaruza kisu. Huligeuza ini na kulichanja upande wa ndani kutafuta minyoo bapa kwenye mirija ya nyongo. Huutazama wengu kama umevimba na kuwa mweusi. Kisha figo na tezi za matumbo. Ini lenye minyoo hutupwa peke yake. Kifua kikuu kilichoenea huupeleka mzoga wote shimoni, na hapo ndipo mkaguzi mwadilifu hupata maadui.

Utaratibu huo kwa sehemu kubwa ni ule ule wa Ostertag, nao uliundwa kwa ajili ya magonjwa yanayoacha alama. Bakteria wa salmonela, au aina ya E. koli iitwayo O157:H7, hukaa katika utumbo wa ng'ombe mwenye afya nzuri kabisa, na hakuna jicho litakalowaona. Wamarekani walilijua hilo kwa uchungu mwaka 1993, watu zaidi ya 700 walipougua na watoto wanne wakafa baada ya kula baga zisizoiva za mikahawa ya Jack in the Box. Nyama ile ilikuwa imepita ukaguzi wa serikali. Mwaka uliofuata bakteria huyo alitangazwa kuwa uchafuzi usioruhusiwa katika nyama ya kusaga, na mwaka 1996 viwanda vikalazimishwa kufuata mfumo unaojulikana kwa herufi HACCP, uliobuniwa miaka ya 1960 na kampuni ya Pillsbury pamoja na NASA na maabara ya jeshi kwa ajili ya chakula cha wanaanga. Kwa mfumo huu mwenye kiwanda hutafuta mapema kila hatua ambapo hatari inaweza kuingia, huweka kipimo chake na kukiandika kila siku, badala ya kumngoja mkaguzi agundue kosa mwishoni. Nchi za Umoja wa Ulaya zilienda mbali zaidi: tangu Juni 2014 ukaguzi wa kawaida wa nguruwe huko hufanywa kwa kutazama tu bila kukata, kwa kuwa kisu kinachopita tezi hadi tezi huweza kuwasambaza bakteria. Nisingependa mtu ainakili kanuni hiyo hapa kwetu kwa haraka, kwani tegu na kifua kikuu cha ng'ombe bado tunavyo, na bila kisu havionekani.

Sasa pilau lenu. Sikuwa jikoni, lakini saa mlizozitaja zinaelekeza kwa mshukiwa mmoja. Kuna bakteria aitwaye klostridiamu pafrinjensi ambaye mbegu zake hustahimili mchemko. Sufuria kubwa ya nyama ikiepuliwa na kufunikwa, hupoa polepole sana katikati, na katika vuguvugu lile mbegu huamka na kuongezeka kwa kasi ya ajabu. Mlaji huumwa tumbo na kuharisha kati ya saa 6 na 24 baadaye, kwa kawaida bila homa, na hupona ndani ya siku moja hivi. Wali nao una bakteria wake wa tabia kama hiyo. Chakula hakitakuwa na harufu mbaya wala ladha ngeni. Njia ya kuepuka ni kupika karibu na saa ya kula, au kukiacha chakula juu ya makaa kikiwa moto wa kuunguza mkono, zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Na kama hapana budi kupika usiku, basi kigawanywe mara moja katika sinia pana na za kina kifupi kipoe haraka, kisha kipashwe hadi kitoe mvuke kote. Mkaguzi wenu hakukosea. Kilichotokea kilianza saa nyingi baada ya yeye kufunga wino wake.

SWALI: Zamani tulikuwa tukisikia TFDA kwenye kila pakiti. Siku hizi nani anasimamia usalama wa nyama Tanzania? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mwaka 2019 sheria ilibadilishwa, kazi ya chakula ikahamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mamlaka yenyewe ikabaki na dawa na vifaa tiba, ndiyo maana jina lake likawa TMDA. Tasnia ya nyama ina sheria yake ya mwaka 2006 iliyounda Bodi ya Nyama, na ukaguzi wa machinjioni ni kazi ya wataalamu wa mifugo, ambao wengi wao huwaona kwenye halmashauri yako.

Mgawanyo wa namna hii si wetu peke yetu. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 linaziachia kaunti machinjio chini ya kilimo, lakini huduma za tiba ya mifugo linaziweka chini ya afya, jambo ambalo naamini limewafaidi zaidi wanasheria.

Kwa hiyo kama malalamiko yako ni kuhusu nyama isiyo na muhuri buchani, nenda kwa ofisa mifugo wa halmashauri ukiwa na jina la bucha na saa uliyoiona. Kama ni kuhusu soseji au nyama ya kopo iliyofungashwa, hifadhi pakiti yenye namba ya toleo na uipeleke TBS.